Nimenunua gari la mwaka 1966, sasa roho mkononi kila nikiliwasha

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, salamu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri umeshapita miaka arobaini na tano. Tangu usichana nilikuwa na hamu ya kumiliki Volkswagen Beetle la zamani, lile la injini nyuma. Juzijuzi nimelipata. Ni la mwaka 1966, injini ya 1300, na aliyeniuzia ni mzee aliyelinunua likiwa jipya. Viti ni vyake, usukani ni wake, umeme bado ni wa volti 6, na rangi ya bluu ni ileile ya kiwandani ingawa imefifia kwenye paa na boneti. Pamoja na funguo alinikabidhi daftari la jalada gumu ambamo ameandika kila alicholifanyia: tarehe, kilomita, kazi. Nilipomaliza kumlipa alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usiligeuze." Nikamwahidi.

Sasa ahadi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Nililipeleka kwa fundi ninayemwamini. Akalizunguka, akafungua nyuma, akatikisa kichwa. "Dada, ukitaka kuliendesha kwa amani, tubadilishe." Tubadilishe nini? Umeme uwe volti 12. Breki za mbele ziwe za diski badala ya dramu. Platini (vile vidogo vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche) zitoke, uwekwe mfumo wa kielektroniki. Dainamo inayozalisha umeme iondoke, ije altaneta, mashine ya kisasa ya kazi hiyo hiyo. Halafu bodi lote lipigwe rangi upya, "lipendeze." Ni mtu mwema, wala sidhani anatafuta kunila pesa.

Nikaenda kwenye mkusanyiko wa wenye magari ya zamani nikapate maoni mengine. Huko bwana mmoja aliinama akatazama matairi yangu akacheka mbele za watu: "Mama, umeshaanza kuliharibu." Kumbe matairi ni ya radiali, na gari la mwaka huo lilitoka kiwandani na matairi ya aina nyingine. Si mimi niliyeyaweka, nimeyakuta. Mwingine akaniambia kila boliti ya asili inayotoka inaondoka na thamani yake, na kwamba watu kama mimi ndio wanaoyamaliza magari haya. Nilirudi nyumbani nikalifunika turubai, likakaa hivyo kwa muda mrefu.

Nilipolitoa tena, mvua ilinikuta barabarani jioni. Taa za mbele zilikuwa na mwanga wa njano, hafifu, naona hatua chache tu mbele yangu. Gari la mbele likapunguza mwendo ghafla, nikakanyaga breki, Beetle likavutwa upande wa kushoto hadi nikadhani naingia mtaroni. Sikugonga kitu. Lakini nilifika nyumbani mikono ikitetemeka.

Mume wangu anasema gari lisiloendeshwa ni pambo, na kama ni pambo basi tuliuze. Binti yangu mkubwa, ambaye ana umri wa kuanza kuendesha, ameshang'ang'ania kujifunzia humo humo. Amelipenda kuliko mimi. Akiwa nami gereji ananiuliza hiki ni nini na kile ni nini hadi nakosa majibu. Nikifikiria kumkabidhi usukani baada ya jioni ile, tumbo linanikata.

Nikibadilisha, namvunjia mzee ahadi, na huenda naharibu kitu kisichoweza kurudi. Nisipobadilisha, naogopa kuliendesha. Nifanyeje?

Jina limehifadhiwa

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu,

Pole kwa jioni ile. Barua yako imefunga pamoja mambo matatu: gari lenyewe, neno ulilompa mzee, na aibu uliyotiwa mbele za watu. Kila uliyemwendea amekutaka uchague: ama libaki kama lilivyotoka kiwandani, ulitazame tu, ama ulibadilishe uliendeshe. Kabla ya kuchagua, niruhusu nihoji kama hizo kweli ndizo njia ulizo nazo.

Nianze na mvua ile. Unasema gari lilivutwa kushoto. Breki za dramu zikiwa nzima, tena zimerekebishwa sawasawa pande zote, hazivuti gari upande mmoja. Likivutwa, mara nyingi sababu ni ya kawaida kabisa: viatu vya breki vya upande mmoja viko mbali na dramu kuliko vya upande wa pili, au kasilinda kadogo kaliko ndani ya gurudumu kamekwama kwa kutu, au kanavujisha mafuta ya breki juu ya viatu. Hayo ni matengenezo. Hayahitaji diski, na hayagusi asili ya gari hata kidogo.

Taa nazo ni hivyohivyo. Umeme wa volti 6 unahitaji mkondo maradufu ya ule wa volti 12 ili kutoa nguvu ileile, kwa hiyo hauvumilii uchafu. Nusu volti ikipotea njiani kwenye kiungio chenye kutu, gari la volti 6 limepoteza zaidi ya asilimia 8 ya umeme wake. La volti 12 limepoteza takriban 4. Na mwanga wa balbu hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka. Miaka yote hii, kutu imekuwa ikijikusanya kwenye vishikio vya fyuzi, kwenye swichi, na hasa pale waya wa eathi unapogusa bodi. Fundi mwenye mita anaweza kupima volti kwenye betri, kisha akapima kwenye taa yenyewe ikiwa inawaka, akakuonyesha ni kiasi gani kinachopotea. Kazi ya saa chache na msasa inaweza kukupa taa ambazo hujawahi kuziona. Haziwezi kuwa sawa na za gari la leo, hilo nisikufiche.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upole: je, umeshaliendesha gari la 1966? Au umeendesha gari la 1966 lililochoka, ukalihukumu kwa uchovu wake? Fundi wako anataka kubadilisha muundo kabla ya kujua muundo huo ukiwa mzima unafanyaje kazi. Sisemi amekosea kwenye kila kitu. Nasema ameruka hatua.

Sasa tuseme hatua hiyo imefanyika, breki na taa ni nzima, na bado huna raha. Hapo ndipo orodha yake inapostahili kuangaliwa kitu kimoja kimoja, maana vitu vile havina uzito sawa hata kama alivitaja kwa pumzi moja.

Kilichonigusa zaidi hakimo kwenye orodha yake wala kwenye barua yako. Beetle la mwaka huo lina mfumo wa breki wa njia moja. Bomba moja likipasuka popote, pedali inakwenda hadi chini na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Unabaki na breki ya mkono, inayovuta magurudumu ya nyuma kwa kebo. Volkswagen wenyewe walihamia master silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali) ya njia mbili muda mfupi tu baada ya gari lako kutengenezwa, na hata diski za mbele zilikuja kiwandani kwenye Beetle la 1500 lililotoka Agosti 1966. Master silinda ya njia mbili inaweza kufungwa mahali pa ile ya zamani bila kukata bodi. Mabomba machache yatabadilika, ya zamani utayahifadhi. Lakini hata hiyo haiondoi wajibu: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa na yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, au kutu itarudi palepale.

Volti 12 ni habari nyingine. Si betri na balbu tu. Ni waipa, honi, indiketa, dainamo, na ukitaka stata ya volti 12 unakutana na flaiwili, gurudumu zito lenye meno ambalo stata huligeuza kuwasha injini, kwa sababu ile ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina meno 130, na nafasi iliyomo kwenye gia boksi haikupangiwa ile kubwa. Watu huacha stata ya volti 6 ifanye kazi kwa volti 12, na huwa inakubali ikiwashwa kwa muda mfupi mfupi. Kazi hii inaweza kurudishwa nyuma, ndiyo, ila ina mikono mingi, na fundi asiyeizoea anaweza kukuachia waya zinazokusumbua kuliko taa hafifu.

Mfumo wa kielektroniki badala ya platini unafichika ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa plagi. Hakuna atakayeinama akauona. Una faida zake, injini inawaka vizuri na huna haja ya kurekebisha mara kwa mara. Ila uhakikishe ni ule uliotengenezwa kwa volti 6 kama umeme utabaki hivyo, na ujue kwamba ukifa, hufa ghafla. Platini huchoka polepole zikikupa taarifa, na hata kando ya barabara unaweza kuzisugua ukafika nyumbani. Wanaofunga kielektroniki wengi hubaki na platini kwenye droo ya dashibodi.

Kuhusu rangi, hapo nitasimama kidogo. Master silinda ikitolewa inawekwa kwenye boksi. Rangi ya 1966 ikipigwa msasa imekwisha, hakuna boksi la kuitunzia. Rangi iliyofifia kwenye paa na boneti haimzuii mtu kuendesha, na sehemu nyingine huweza kurudisha mng'ao zikisafishwa na kupakwa nta na mtu mvumilivu. Mahali penye kutu pana dai lake, kutu haingoji. Lakini "lipendeze" si hoja ya usalama, na imechomekwa kwenye orodha ya usalama. Dashibodi kutobolewa kwa ajili ya redio na bodi kukatwa kwa sababu yoyote ile naviweka kundi hilo hilo.

Hapo naona mizani unayoweza kuitumia kuliko ile ya "asili au si asili": je, hiki kinaweza kurudishwa kesho? Wala si mizani niliyoibuni mimi. Shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lililoanzishwa mwaka huo huo wa 1966, lina waraka unaoitwa Mkataba wa Turin. Unakubali kwamba yapo mabadiliko yasiyoepukika ili gari litumike, ila unataka yasivuruge muundo na sura yake, yaweze kurudishwa, na vifaa muhimu vilivyotolewa vihifadhiwe pamoja na gari. Shirikisho hilohilo, likieleza gari la kihistoria ni lipi, linasema ni lenye umri usiopungua miaka 30, lililotunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na lisilotumika kama usafiri wa kila siku. Kama unataka kuliendesha kazini asubuhi na jioni, hilo ni jambo la kujiuliza. Kama ni mwisho wa juma, mchana, barabara ikiwa kavu, hofu yako ya taa inapungua hata kabla fundi hajashika spana. Na bima yako iulize mapema: zipo zinazotaka kuarifiwa kila badiliko, na zipo zinazoweka kikomo cha kilomita.

Wale wa kwenye mkusanyiko nao wana neno lao, hata kama walilisema vibaya. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, za mwisho Mexico mwaka 2003, ndiyo maana vipuri vinapatikana. Zilizobaki na vitu vyake vya miaka ya sitini ndizo chache, na wanaona zikipungua. Hofu yao naielewa. Ila nikuulize: ulipolifunika turubai, ulikuwa unalilinda gari, au ulikuwa unajificha wasikuone? Maana gari likisimama haliko salama. Mipira ya breki hukauka, petroli inachacha na kuacha gundi kwenye kabureta, matairi yanalala upande mmoja, na panya nao huwa na maoni yao kuhusu viti vya zamani.

Turudi kwa mzee. Umeandika rangi ni ya kiwandani na matairi uliyakuta. Daftari lake unalo. Ulisome lote taratibu, kwani sidhani mtu aliyelitunza gari kwa muda huo wote hakuwahi kubadilisha kitu. Matairi ya radiali, kama si wewe, ni nani aliyeyaweka? Yumkini ni yeye, akiona gari linashika barabara vizuri zaidi. Aliposema "usiligeuze," huenda alimaanisha boliti yoyote isiguswe. Huenda pia alimaanisha usilishushe chini, usilitie bawa nyuma, usilifanye kichekesho. Mimi sijui, na wewe umekuwa ukijibu kwa niaba yake. Kama yu hai na anapatikana, mpigie. Mwambie breki zilikuvuta kwenye mvua, umuulize angefanyaje. Inawezekana akakujibu kitu kitakachokuudhi, na itabidi uamue baada ya kukisikia. Ahadi aliyopewa mtu aliyeuza si mkataba, lakini naona kwako ina uzito, wala sitakuambia uitupe.

Usisahau, ukisoma daftari, kutazama tarehe ya matairi yenyewe. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kashata ya tairi inaweza kuwa nzuri na mpira umeshakufa. Zaidi ya miaka 10, mjadala wa radiali na si radiali hauna maana tena, toa.

Kuna jambo moja ambalo sitalipima pande mbili, nisamehe. Mipira ya petroli. Kwenye Beetle petroli inatoka tangi la mbele, inapita chini ya gari, inaishia kwenye injini ya moto huko nyuma, na vipande vya mpira vilivyo karibu na kabureta ndivyo vilivyoteketeza magari mengi ya aina hii. Mpira wa zamani wenye kitambaa juu huficha nyufa zake, na petroli ya siku hizi yenye ethanoli huula haraka. Vibadilishwe vyote, na kizima moto kikae ndani. Hakuna mpenda asili atakayekulaumu, na akikulaumu mwache.

Binti yako. Umeandika amelipenda kuliko wewe, halafu ukaenda moja kwa moja kwenye hofu. Ninayo mashaka kama kujifunza udereva na kulijua gari hili vinapaswa kwenda pamoja. Anayejifunza bado anahitaji macho yake yote kwa barabara. Kumwongezea gari lisilo na kifaa chochote cha kuongezea mguu nguvu kwenye breki, tena la njia moja, ni mzigo. Mwingine atakuambia anayeanzia kwenye gari kama hili hujifunza kuacha nafasi mbele yake. Yote mawili yana ukweli, na unamjua wewe. Lakini lipo la katikati: aanze kwa mikono. Injini hii haina filta ya oili, ina chujio la waya tu, oili yenyewe ni lita 2.5, na inataka kubadilishwa kila kilomita 5,000 pamoja na kupima tapeti (uwazi wa valvu) injini ikiwa baridi kabisa. Mwonyeshe silinda ya tatu, ile ambayo kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa yake, hivyo huwa na joto kuliko wenzake na valvu yake ya eksozi ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Maswali anayokuuliza gereji yana majibu, na mnaweza kuyatafuta pamoja huku anajifunzia udereva kwenye gari lingine.

Na mume wako, akisema liuzwe, msikilize hadi mwisho kabla ya kumjibu. Kuuza pia ni njia, haina aibu, hasa kama baada ya matengenezo bado tumbo linakukata kila ukiwasha. Ila nisingependa uuze kwa sababu ya breki ambazo hazijafunguliwa zikatazamwa.

Ukirudi kwa fundi, muombe afungue dramu zote nne wewe ukiwepo, akuonyeshe kila kasilinda, ndipo mzungumze habari ya diski. Na chochote atakachokitoa, hata kipande cha bomba, akuwekee kwenye boksi kikiwa na karatasi ya jina na tarehe. Akiona huo ni usumbufu, nadhani utakuwa umepata jibu kuhusu nani alifanyie gari hili kazi.